Nilimwambia Mjukuu Wangu Afundishe Nusu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usije ukasoma mpaka katikati ukanionea huruma, halafu ukisikia nilichofanya unikasirikie mara mbili. Si la mjukuu wangu, si la kompyuta, wala si la shetani, ambaye pale kanisani kwetu husingiziwa kila kitu hadi mimi namsikitikia.

Mimi ni shosho wa hapa Eastlands, nyumba yangu iko nyuma ya soko la Gikomba, upande wa Majengo. Shule niliacha darasa la nne. Lakini kwa mitumba, wacha nijisifu, hakuna mtu aliyewahi kunichezea! Blauzi za wanawake ndizo zilinilisha maisha yangu yote. Nikiweka mkono juu ya bale, gunia la nguo ambalo halijafunguliwa, nikaiminya kona na kuinusa, najua kama ndani kuna nguo za maana au matambara ya kupangusa magari.

Nina mjukuu mmoja. Mama yake, binti yangu wa pekee, alifariki mtoto akiwa bado hajang'oa meno ya utoto. Nikamchukua, nikamlea pale pale kibandani, akilala juu ya blauzi. Amebeba jina langu, ndivyo desturi ya kwetu inavyotaka, kwa hiyo silitaji hapa. Nikilitaja lake nimejitaja. Tumwite Shiru.

Shiru alisomea kazi ya maktaba, akapata kandarasi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Woi, mimi! Nilitembea ploti nzima kama mtu aliyeshinda kura. Nilimwambia mama mboga, nikamwambia pasta, nikamwambia hata mtu wa kuleta gesi. "Mjukuu wangu yuko chuo kikuu." Wakiuliza anafundisha nini, nanyamaza kidogo, nawaacha wafikirie.

Ukweli ni kwamba Shiru alikuwa anasukuma toroli ya vitabu. Wale wazee wa kazi pale walikuwa wachoyo, hawamwonyeshi kitu. Kulikuwa na mmoja wa kaunta, akimwona Shiru anakaribia, anageuza kioo cha kompyuta kama mtu anayeficha sufuria ya nyama. Msichana akirudi nyumbani jioni analia. "Shosh, nitajuaje kazi kama hakuna mtu wa kunionyesha?"

Mimi namjibu, "Iba kwa macho. Mimi nani alinionyesha?"

Halafu akaja mkubwa mpya wa maktaba. Mwanamke mfupi, wa miwani, sauti ya chini kabisa. Wote wanamwita Madam. Huyo akabadilisha mambo. Kila asubuhi kabla ya wanafunzi kufunguliwa mlango, wafanyakazi wanakaa wawili wawili, mmoja anamfundisha mwenzake kile anachokijua. Na alikuwa na sheria moja iliyonichekesha sana. Anayefundisha lazima akalie mikono yake! Ndiyo, mikono chini ya makalio, kama mtoto wa nasari. Madam alisema ukishika kompyuta wewe, mwenzako hajajifunza, ametazama sinema tu.

Na kila Ijumaa, kabla ya kazi, kulikuwa na chai na mandazi. Kila mtu anasimama anamtaja mtu mmoja aliyemfundisha kitu wiki hiyo. Wiki hii nimefundishwa na fulani, hiki na hiki. Watu wanapiga makofi. Basi.

Usione ni kitu kidogo. Shiru alikuwa anaishi kwa ajili ya hiyo Ijumaa. Alianza kuamka akiimba. Alianza kupiga nguo pasi kutoka Alhamisi. Yule mzee wa kuficha kioo, kwa sababu alitaka kutajwa, akaanza kufundisha hadi watu wakamchoka.

Mimi niliona ni ujinga. "Makofi!" nikamwambia. "Makofi yanakaangwa na nyanya ama yanachemshwa?"

Shiru akacheka tu. Heri angenikasirikia siku hiyo.

Sasa, chuo kikaleta sistimu mpya ya kompyuta ya kuazima na kurudisha vitabu. Madam akamchagua Shiru aende mafunzo, akirudi awafundishe wenzake wote. Jumamosi hiyo alikuja nyumbani na rafiki yake wa kazini, msichana wa Machakos, tumwite Mwende. Mwende alikuwa anakula kwangu karibu kila Jumamosi. Alikuwa na kikombe chake, cha bati, cha bluu, kinaning'inia kwenye msumari pamoja na vyetu.

"Shosh, ni mimi! Nimechaguliwa mimi!"

"Mshahara umepanda?"

"Bado."

"Bado! Sasa unaruka nini?"

Mwende akaingilia. Yeye alikuwa ananiita Susu, kama wanavyoita nyanya zao kwao. "Susu, usimvunje moyo mwalimu wetu."

"Susu ni wa kwenu. Mimi ni Shosho."

"Wote mnatugombeza huku mkitupakulia maharagwe," akasema, na tukacheka sote, hata mimi.

Mwende alipoondoka, nilimkalisha Shiru kwenye kigoda. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Nilimuuliza, "Kandarasi yako inaisha lini?" Akaniambia. "Na ya Mwende?" Akasema zinaisha pamoja. "Na nafasi za kudumu ziko ngapi?"

Akainua kidole kimoja. Ilikuwa moja tu.

Nikamkumbusha habari ya Mama Kevo, ambaye kibanda chake kiko mkabala na changu. Mama Kevo alipokuja sokoni hajui kitu. Mimi, kwa moyo mzuri, nikamwonyesha jinsi ya kuchagua bale. Muda si mrefu wateja wangu wakahamia kwake. Tangu hapo sikusalimiana naye. Miaka! Tunaangaliana kama mbuzi waliofungwa miti tofauti.

"Hii si Gikomba, Shosh," Shiru akasema.

"Kila mahali ni Gikomba! Kila mahali kuna mtu anayengoja uinuke akae. Fundisha nusu. Wakikwama wataita jina lako. Wakizoea kuita jina lako, nani atakufukuza?"

"Na Madam?"

"Madam ana kazi ya kudumu. Wewe una makofi."

Akabishana. Nikamwambia neno ambalo mzee hafai kumwambia mtoto. Nikamwambia, "Nimekubeba mgongoni nikiuza, sasa unanifundisha maisha?" Akainamisha kichwa. Nilijua nimeshinda. Ngai, jinsi nilivyofurahi kushinda!

Kwa sauti ndogo akanieleza. Kitabu kikirudishwa, unakipitisha chini ya ile taa nyekundu, kompyuta inalia. Mtu anafikiri imeisha. Lakini bado kuna hatua ya mwisho, unaingia ukurasa mwingine na kufunga. Usipofunga, kompyuta inaendelea kuamini kitabu kiko kwa mwanafunzi.

"Hiyo!" nikasema. "Hiyo hiyo! Baki nayo."

Akafanya nilivyomwambia. Aliwafundisha taa nyekundu, akawaambia mengine kompyuta inajimalizia yenyewe. Jioni, kabla ya kutoka, anafungua kompyuta yake na kuwafungia wote vitabu vya siku nzima. Mwende alimtania siku moja, akanisimulia mwenyewe akicheka. "Susu, huyu mwalimu wetu hakalii mikono! Tukifika mwisho ananyakua kipanya, ati wacha nimalizie."

Nikacheka naye. Nilijua kwa nini hakalii mikono, na nikacheka naye.

Na mwanzoni mambo yalienda nilivyosema. Shiru hapa, Shiru pale, Shiru imekwama. Simu ililia hata tukiwa kanisani, na mimi nikageuka kidogo ili watu waone mjukuu wangu anavyohitajika. Lakini Ijumaa ya kwanza baada ya kuwafundisha, alirudi nyumbani akakataa chakula.

"Walinipigia makofi, Shosh. Wakasimama kabisa."

"Sasa huzuni ya nini?"

"Mwende ndiye alinitaja."

Mimi nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Halafu nikaugua. Presha. Nilianguka pale kwenye mfereji wa ploti nikiwa na ndoo, nikaamka niko hospitalini na Shiru ameshika mkono wangu. Hakwenda kazini. Simu yake ilizimika chaji na hakujali. Alikaa na mimi, akinigeuza, akinilisha. Ukisoma haya ukamwona Shiru ni mbaya, kumbuka hapo.

Wiki hiyo ndiyo wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wanarudisha vitabu. Asiyeondolewa deni la maktaba jina lake haliingii kwenye orodha ya kuhitimu, havai lile joho. Mwende ndiye alikuwa kaunta. Akapokea vitabu, milima ya vitabu, taa nyekundu ikalia, akawaambia wanafunzi asanteni, nendeni. Na hakuna mtu wa kufunga jioni.

Walipokwenda kuchukua karatasi zao za kuondolewa deni, kompyuta ikasema wote wana vitabu. Mwanangu, vurugu! "Ati nadaiwa? Nilikupea wewe mwenyewe, sista!" Wengine wakimpiga picha na simu, wengine wakimtukana. Mwende anabonyeza, anapitisha taa, kompyuta haielewi, anampigia Shiru, simu imezimwa. Vitabu vyenyewe tayari viko kwenye rafu. Kufikia orodha kufungwa, kuna wanafunzi waliobaki nje. Mmoja wao, nilisikia, wazazi walikuwa wameshaalika kijiji kizima.

Siku hiyo hiyo, saa za kuona wagonjwa, mlango wa wodi ukafunguliwa. Nani? Mwende. Na chupa ya uji mkononi.

Shiru alikuwa ameenda nyumbani kunichukulia nguo. Nilikuwa peke yangu na yeye. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alinimiminia uji kwanza, akaupoza kwa kuupuliza, ndipo akaketi.

"Susu, sijui nilikosea wapi," akasema. "Nilifanya kila kitu vile Shiru alinionyesha. Nimerudia kichwani, nimerudia, sioni. Labda mimi ni mjinga tu."

Mimi nilijua alipokosea! Dunia nzima tulikuwa watu wawili tunaojua, na mmoja alikuwa amelala mbele yake na kikombe mkononi. Ningesema maneno kumi tu. Mtoto wa watu angeacha kujiita mjinga.

Nikanywa uji wake. Ulikuwa mtamu, umetiwa ndimu. Nikamwambia, "Pole. Mungu yupo."

Mungu yupo! Mdomo huu.

Kesho yake Shiru akapata habari. Alikuja wodini mbio. Wameitwa mbele ya Madam na wakubwa wengine, yeye na Mwende. "Wataniuliza kama nilimfundisha hatua ya mwisho. Shosh, niseme nini?"

Hapa nataka unisikie vizuri, kwa sababu ndilo jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikufikiria hata kidogo. Nilisema kabla hajamaliza kuuliza.

"Sema ulimfundisha. Neno lako na lake. Wewe ndiye ulienda mafunzo."

"Ni Mwende, Shosh."

"Na wewe ni wangu."

Akaenda akasema. Baadaye alinieleza jinsi ilivyokuwa, wenzao wengine hawakuitwa. Madam alimwangalia akauliza, "Ulimwonyesha kufunga?" Akajibu ndiyo. Mwende akageuza shingo polepole akamtazama. Hakupiga kelele. Hakulia. Alisema, "Sawa," akachukua mkoba wake.

Kandarasi yake haikuongezwa. Akarudi Machakos kwa mama yake.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimetoka hospitalini. Nilipika maharagwe. Mimi na Shiru tukala, na kile kikombe cha bluu kikituangalia kutoka ukutani.

Kule maktaba, hakuna mtu aliyejua ukweli wote, lakini watu si mawe, nao pia hawakuwa wameonyeshwa kufunga. Ijumaa ikaja, chai ikamiminwa, kila mtu akataja wake. Hakuna aliyemtaja Shiru. Ijumaa nyingine, hakuna. Hata simu ziliacha kulia. Akirudi nyumbani anafua nguo zilizo safi. Nikimwambia nafasi ya kudumu sasa ni yako, ananiangalia kama mtu anayesoma bango la mbali.

Siku moja aliingia, akaweka funguo mezani.

"Nimemwambia Madam."

"Umemwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba nilifundisha nusu. Kwamba nilidanganya."

Na unajua mimi nilisema nini? Mjukuu wangu wa pekee amesimama mbele yangu, pengine amepoteza kazi. Mimi nikauliza:

"Umenitaja?"

Shiru alinitazama. "Hilo ndilo la kwanza kuuliza, Shosho?"

Hakuniita Shosh. Aliniita Shosho, neno zima, kama mtu wa kando.

Alipanga nguo zake kwenye begi lile lile nililomnunulia akienda chuo. Nikapiga kelele, nikamkumbusha mgongo wangu tena, nikamwambia wakina Madam hawatamzika. Akanijibu kitu kimoja tu, akiwa mlangoni. "Mwende alikuja kukuona hospitalini. Aliniambia kabla hatujaingia kwa Madam. Alikuletea uji." Akafunga mlango taratibu. Heri angeubamiza.

Sasa anaishi mtaa wa Umoja, chumba cha peke yake. Si mbali! Ukipanda matatu pale Muthurwa asubuhi unafika kabla jua halijapanda. Lakini mimi sijaalikwa. Anatuma pesa ya dawa kwa simu, haikosi, na ujumbe unasema "Dawa". Neno hilo moja. Nimezihifadhi zote. Dawa. Dawa. Dawa.

Kazi hakufukuzwa, lakini aliondolewa kufundisha, akapelekwa orofa ya chini kupanguza vumbi la vitabu vya zamani. Nafasi ya kudumu ikaenda kwa mtu mwingine. Madam alimpigia Mwende simu, akamwomba msamaha, akamwomba arudi. Mwende akakataa. Shiru naye akimpigia, inalia tu.

Mimi nikabaki na redio. Usiku na mchana redio. Sijui kama umewahi kupika githeri, yale mahindi na maharagwe, ya mtu mmoja. Haiwezekani. Ukipima kidogo namna gani, inabaki, na inayobaki ndiyo inakuambia uko peke yako.

Macho nayo yakaanza ukungu. Siku moja nilifungua bale nikalia, matambara matupu! Mimi! Watu wa karibu wakaangalia kando kwa heshima. Aliyevuka njia akaja ni Mama Kevo. Alichuchumaa akaanza kunisaidia kukunja.

"Mathe, hii ungeijua zamani kwa pua tu," akasema.

"Si ungeijua wewe. Nilikufundisha, ukaninyang'anya wateja."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe? Ulinifundisha? Ulinionyesha kuminya gunia, ukaficha mambo ya kunusa! Nilinunua takataka mwaka mzima, bwanangu karibu anifukuze. Kunusa nimejifunza kwa kulia."

"Sasa wateja walikujaje kwako?"

"Mathe, mimi namwambia mteja, karibu mrembo. Wewe unamwambia, wewe, weka hiyo chini kama hununui!"

Nilitaka kukasirika. Nikatafuta hasira, sikuipata. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba hadithi ya kuibiwa, na kwa hadithi hiyo nikamvunja mtoto wangu. Kumbe sikuibiwa. Nilikuwa na mdomo mbaya tu.

Basi Ijumaa moja nikavaa kitenge changu cha kanisa, nikaenda maktaba. Nilitaka kumwambia Madam kwa mdomo wangu kwamba ni mimi. Askari wa getini aliniuliza, "Shosho, umekuja kusoma?" Nikamwambia, "Nimekuja kukiri." Akaniangalia, akanipeleka mwenyewe hadi ndani, akanikalisha kwenye benchi nje ya chumba cha wafanyakazi. Akasema ningoje, wanakunywa chai.

Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Nikasikia vikombe. Nikasikia watu wakisimama mmoja mmoja, wakitaja, na makofi. Nilikuwa nimedharau makofi hayo nikiwa mbali. Ukiwa karibu, yana joto.

Halafu sauti ya mwanamke ambaye simjui, sauti ya mtu mgeni kazini, ikasema, "Mimi wiki hii nimefundishwa na..." Akataja jina langu.

Jina langu! Nilisimama. Haki ya Mungu, nilisimama pale kwenye korido, mzee mzima, nikafikiri sijui wamenijuaje. Yule mwanamke akaendelea. "Alishuka nami chini, akanionyesha kila kitu mpaka mwisho. Hata nilipochoka kuuliza, hakuchoka."

Makofi yakapigwa. Kwanza machache, kama mvua inayofikiria. Halafu mengi.

Nikaketi. Jina ni langu. Makofi hayakuwa yangu.

Madam alipotoka nilimwambia yote, bila kupunguza. Uji, hospitali, neno lako na lake, yote. Alinisikiliza amesimama, akishika kikombe kitupu.

"Mama," akasema, "nilimuuliza Shiru siku ile kama kuna mtu aliyemshauri. Alisema hakuna. Nikamuuliza tena. Akasema, ni mimi tu."

Nilimuuliza "umenitaja?" na yeye alikuwa amekataa kunitaja mara mbili.

Alinionyesha kwa kidole kupitia kioo. Shiru alikuwa ameketi karibu na mwanamke mmoja mnene, wa rika la mama yake, mgeni yule, aliyekuwa amemwomba mwenyewe amfundishe. Mwanamke ameshika kipanya cha kompyuta kama mtu aliyeshika kifaranga, anakosea, anarudia. Na Shiru wangu amekalia mikono yake. Yote miwili. Nilimwona akiinama mbele kwa hamu ya kusaidia, mabega yakimtetemeka, lakini mikono haikutoka.

Baadaye akatoka akaniona. Hakushtuka sana. Alinishika kiwiko, akanisindikiza hadi getini, polepole, kwa sababu ya macho yangu.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nitakula nikifika."

"Unywe dawa baada ya chakula, si kabla."

"Sawa."

Nilitaka kumwambia amenishinda, na nimefurahi kushindwa. Akaangalia saa, akasema kuna mtu anamngoja, akarudi ndani. Hakusema atakuja Jumamosi. Nami sikuuliza. Nimeuliza vibaya mara moja, inatosha.

Hiyo ndiyo habari yangu. Wewe unayesoma, kama una kazi unayoijua na umewekewa mtu karibu nawe ajifunze, mfundishe mpaka hatua ya mwisho. Kalia mikono! Usidhani ukificha kitu utahitajika. Utaitwa, ndiyo, lakini kinachoitwa ni ufunguo ulioficha, si wewe. Na wewe shosho mwenzangu, usimwekee mtoto hofu yako kwenye begi akienda kazini. Atakubebea, kwa sababu anakupenda, na itamvunja mgongo yeye.

Juzi nilijiuliza, kama Gikomba kungekuwa na chai ya Ijumaa, baada ya miaka yote hiyo, nani angesimama anitaje? Nikahesabu mabanda kichwani, safu nzima. Nikafika kwa Mama Kevo, na yeye angesema nilimfundisha nusu.

Nimeanza kumpa ile nusu nyingine, hata kama mengi alishajifunza kwa kulia. Anakuja kibandani asubuhi, naweka pua kwenye kona ya gunia, namwambia ninachonusa, halafu nakalia mikono. Tumechelewa sana, sote tumezeeka, lakini tunafanya.

Jumamosi nabaki nyumbani. Napika maharagwe mengi kuliko yangu. Kile kikombe cha bluu bado kiko kwenye msumari. Nakishusha, nakiosha, nakipangusa, nakirudisha.